Dawa ya Kumi na Saba

Vijana wenzangu wa maabara, siku ya kuniaga mlinipa kiti cha kuegemea mkaniambia sasa nipumzike. Nimekikalia wiki nzima, na mgongo umeanza kuuma. Afadhali niandike. Habari za vyeo na mishahara sitaziweka humu. Hizo zimo kwenye faili, na faili hazisahau. Nitaandika jinsi tulivyotafuta dawa ya safura huku Kisii wakati wengi wenu hamjazaliwa, jinsi tulivyoipata, na jinsi tulivyoiacha.

Niliingia kazini miaka michache baada ya Uhuru, nikitoka chuo kikuu Kampala na shahada ya elimu ya viumbe. Mama yangu alikuwa ametangaza kanisani kwamba binti yake Kwamboka anakwenda kuwa daktari. Sikuwa daktari, lakini kanisani hakuna mtu aliyeuliza zaidi. Nilishona koti jeupe kwa fundi wa mjini, nikalipiga pasi hadi likasimama lenyewe, nikaenda.

Mkuu wa maabara alikuwa Daktari Odera, mtu wa ziwani, mrefu, mwenye sauti ya chini. Alinipokea mlangoni akiwa ameshika ndoo.

"Wewe ndiye Kwamboka?"

"Ndiye, Daktari."

"Umekula?"

"Nimekunywa uji tu."

"Vizuri. Usiongeze kitu."

Akanipeleka nyuma ya jengo, palipokuwa na vibanda vya mbwa, akanipa chekeche ya waya na ile ndoo. Ndani yake mlikuwa na mavi ya mbwa waliopewa dawa jana yake. Kazi yangu ilikuwa kuyaosha kwa maji kidogo kidogo mpaka yabaki yale yasiyopita kwenye chekeche, yaani minyoo, kisha nihesabu iliyotoka. Nilitapika nyuma ya ukuta, nikanawa uso, nikarudi. Alikuwa amesimama palepale ananingoja.

"Aliyekutangulia hakurudi," alisema, akanionyesha namna ya kuinamisha chekeche ili maji yasirushie koti. Lile koti halikuwa jeupe tena tangu siku hiyo.

Nyinyi mmesoma habari za safura vitabuni. Sisi tuliisoma kwenye nyuso za watu. Ni mnyoo mdogo kama uzi uliokatwa, unaingia mwilini kupitia ngozi ya nyayo, unasafiri hadi kwenye utumbo, unajishikiza huko kwa meno na kunyonya damu. Mmoja si kitu. Wakiwa wengi, mtu anageuka rangi, viganja vinakuwa vyeupe, anapumua kwa shida akipanda kilima. Na huku kwetu utakwenda wapi bila kupanda kilima? Watu walikuwa wakichuma chai na pareto miguu mitupu, kwenye udongo wenye maji mwaka mzima, na vyoo vilikuwa vichache. Mnyoo ule ulikuwa umepata makao.

Dawa ilikuwepo. Ilikuwa maji yenye harufu kama ya rangi ya viatu, yaliyotiwa kwenye vidonge laini. Mgonjwa alifunga kula, akameza, kisha akanyweshwa chumvi ya haluli ili tumbo lisafishwe. Mwenye nguvu aliyumba kama mlevi hadi jioni. Asiye na nguvu aliweza kuzimia, na wenye safura kali ndio hao wasio na nguvu. Kwa hiyo dawa iliwafaa zaidi wale ambao hawakuihitaji sana. Daktari Odera alilichukia jambo hilo kama mtu anavyomchukia jirani. "Nataka kitu ambacho mtu dhaifu atameza na kurudi nyumbani kwa miguu yake," alikuwa akisema. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu yote.

Kiwanda kimoja cha ng'ambo kilikuwa kikitutumia unga ndani ya chupa za kahawia. Chupa hazikuwa na majina, zilikuwa na namba. Tuliujaribu kila unga kwa wanyama kwanza: panya, kisha mbwa. Ya kwanza haikuua mnyoo hata mmoja. Ya nne iliua minyoo vizuri sana, na mbwa pia. Ya tisa ilifanya mbwa wabweke siku nzima bila kunyamaza, mpaka majirani wakaleta malalamiko kwa chifu. Ya kumi na mbili iligeuka tope chupani kwa sababu ya unyevu wa Kisii, kabla hatujaigusa. Kila ilipokufa moja, Daktari Odera aliifunika chupa, akaiweka kwenye rafu ya juu, akasema, "Haya, inayofuata." Sikumsikia hata siku moja akisema pole, wala kujipa pole.

Kwake nilijifunza mambo ambayo bado nayaamini. Hadubini yetu haikuwa na taa; ilikuwa na kioo cha kukusanya mwanga wa jua, na huku mvua hunyesha karibu kila alasiri. Kwa hiyo kazi ya macho ilifanywa asubuhi, na maneno mengi yaliachiwa mchana. Mayai ya safura hayasubiri: ukiyaweka kwenye joto yanaanguliwa, na kesho unahesabu kitu kingine. Maji ya chumvi lazima yakolee mpaka yai la kuku lielee. Hapo na yai la mnyoo litaelea, utaliokota juu kwa kipande cha kioo. Chumvi tulinunua dukani, ile ile ya kupikia mboga. Mwenye duka aliamini tunafuga ng'ombe.

Chupa ya kumi na saba ilifika msimu wa mvua ndefu. Unga wake ulikuwa mweupe, mwepesi, mchungu mno. Tuliwapa mbwa, tukaosha, tukahesabu, na minyoo ilikuwa imetoka karibu yote. Mbwa walikuwa wanatikisa mikia wakidai chakula. Tulirudia na mbwa wengine. Ikawa vilevile. Daktari Odera hakucheka, lakini siku hiyo alinisaidia kuosha chekeche, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nimjue.

Baada ya kiwanda kumaliza majaribio yake ya usalama kadiri sheria za wakati ule zilivyodai, na Wizara kuridhia, tulichagua kuanzia kijiji cha Nyaramba. Kule wagonjwa walikuwa wengi na gari lilifika, kama mvua haikunyesha. Nilikwenda kwanza mimi, kwa sababu lugha ni yangu. Niliwaomba watu waliokusanyika uwanjani watuletee choo chao kwenye mikebe midogo, tukipime.

Hakuna aliyenyoosha mkono kuchukua mkebe. Kisha bibi mmoja akasimama. Alikuwa Mama Nyakundi, mama wa mwanamume aitwaye Nyakundi, mwanamke mfupi aliyeogopwa na wazee wa kanisa.

"Mwanangu," alisema, "wewe ni wa kwetu, kwa hiyo nitakueleza polepole. Anayechukua uchafu wa mtu na kwenda nao tunamwita nani?"

Kila Mgusii, mtu wa kwetu Kisii, anajua jibu. Ni omorogi, mchawi, ndiye anayeokota nywele, kucha na choo cha mtu ili amwangamize.

Nilirudi Kisii nimeshika mikebe mitupu. Nilidhani Daktari Odera atakasirika. Aliuliza tu, "Wanaogopa kutoa, au wanaogopa sisi kuondoka nacho?"

"Kuondoka nacho."

"Basi hatuondoki nacho."

Tulibeba maabara ikaenda Nyaramba. Tuliweka meza chini ya paa la bati karibu na soko, hadubini juu yake, na pembeni tukachimba shimo la moto. Kila aliyeleta mkebe alisimama hapo hapo akaangalia, kisha akautupa motoni kwa mkono wake mwenyewe. Mama Nyakundi alikuja wa kwanza, nadhani ili apate la kutusema. Akaweka jicho kwenye hadubini, halafu akaliweka la pili.

"Haya mayai ni yangu?"

"Ni ya minyoo, Mama. Iko tumboni mwako."

"Na mama yao anakula nini?"

"Damu yako."

Akainuka, akautupa mkebe motoni kwa nguvu, akawageukia waliokuwa nyuma yake. "Leteni!" alisema. "Mnangoja nini?"

Tulianza na wanaume peke yao, kama ilivyopangwa. Walimeza, wakakunja uso kwa uchungu wa dawa, wakarudi nyumbani kwa miguu yao. Hakuna aliyeyumba. Tulipowapima tena, mayai yalikuwa yamepotea kwa wengi wao. Hatukufanya kazi Jumamosi kwa sababu wengi pale ni Wasabato, ambao dini yao inakataza hata chai. Kitu pekee ambacho Daktari Odera hakukielewa ni jinsi watu wanavyolima shamba zima la chai na wasiinywe.

Kisha ikaja zamu ya wanawake. Kiwanda kilimtuma mwakilishi wake aje kushuhudia, mzungu mpole mwenye kofia ya majani, aliyependezwa sana na matokeo. Tulikuwa na sharti moja: mwanamke mwenye mimba asipewe, kwa kuwa hakuna aliyejua dawa itamfanya nini mtoto. Kila mwanamke alipofika mezani aliulizwa. Kila mmoja akasema hana.

Nilisimama pale nikitafsiri, na jibu lile halikunitulia. Kwetu mimba changa haitangazwi. Mwanamke huificha hata kwa dada yake, kwa kuogopa jicho la mtu mbaya. Na sisi tulikuwa tunauliza mbele ya foleni, na mbele ya wanaume wawili, mmoja mzungu. Nani angesema ndiyo?

"Daktari," nilisema, "tusimame kidogo. Naomba niwaulize mimi, mmoja mmoja, ndani."

Mwakilishi alitazama saa yake. Daktari Odera alinitazama mimi. "Nenda," alisema.

Niliwaingiza kwenye chumba cha duka lililokuwa tupu. Wengi walicheka, wakasema hawana, na safari hii niliwaamini. Wachache walitazama chini, nikawapangia siku ya mbali bila kuwauliza zaidi. Wa mwisho aliingia akishika ukuta. Alikuwa Moraa, mke wa Nyakundi. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Kutoka foleni hadi mlangoni ni hatua chache, lakini alikuwa anahema. Kama kuna mtu ambaye dawa ile ilitengenezwa kwa ajili yake, alikuwa yeye.

"Dada," nilimwambia, "siku zako?"

Machozi yakaanza. "Nimepoteza wawili," alisema. "Huyu hakuna anayejua, hata mume wangu. Nikisema, wachawi watamla kama wale. Usimwambie mtu, nakuomba kwa Mungu."

"Daktari lazima ajue. Yeye peke yake."

Alifikiri. "Yeye si wa huku," alisema mwishoni. "Sawa."

Daktari Odera aliposikia alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Mwakilishi wa kiwanda aliuliza mbona mgonjwa mkubwa kuliko wote hapewi.

"Damu yake ni kidogo mno," Daktari Odera alisema.

"Lakini dawa ni ya watu kama hao. Ameulizwa mezani akasema hana mimba. Andikeni alivyosema, mpeni."

"Hapewi," nilisema mimi. Nilikuwa msaidizi tu, na sikutakiwa kusema. Nilirudia: "Bwana, huyu hapewi."

Yule bwana alimwangalia mkubwa wangu akingoja anikemee. Daktari Odera alikuwa anavaa miwani yake. "Umemsikia," alisema.

Hilo lilikuwa rahisi. Gumu lilikuwa uwanjani. Nilipotoka na Moraa bila dawa, Mama Nyakundi alikuwa amesimama amejishika kiuno.

"Mmewapa wanaotembea," alisema kwa sauti ya kusikika sokoni kote. "Huyu anayekufa mmemnyima. Kwa nini?"

"Hali yake haijaruhusu, Mama. Anahitaji damu kwanza. Tumpeleke hospitali."

"Hali gani? Sema hali gani!"

Moraa alinitazama. Sikusema. Watu wakaanza kunong'ona kwamba ukoo wetu na ukoo wao waligombania mpaka zamani za babu, na kwamba sasa nimepata nafasi ya kulipiza. Jambo la mpaka lilikuwa kweli. Mimi mwenyewe nililisikia siku ile kwa mara ya kwanza. Mwanamke mmoja alinitemea mate karibu na viatu. Nusu ya foleni ilivunjika, wakaenda zao.

Nyakundi, mumewe, hakuwa mtu wa maneno. Alinifuata hadi kwenye gari. "Ukimpeleka huko, atapona?"

"Sijui. Akibaki hapa, najua."

Akamwinua mkewe kama mzigo wa majani ya chai, akampakia.

Hospitalini walisema damu haipo. Kila anayetaka kutiwa, lazima ndugu zake watoe. Nyakundi alirudi nyuma mpaka ukutani.

"Damu yangu ikiingia kwake," aliniuliza kwa sauti ya chini, "si atakuwa dada yangu? Nitaishije naye?"

Sikucheka, na nyinyi msicheke. Lilikuwa swali la mtu anayempenda mkewe na kuheshimu mwiko. "Yako haiendi kwake," nilimweleza. "Inakwenda kwa mwingine, na ya mwingine inakuja kwake. Ni kubadilishana."

"Kwa hiyo sitakuwa ndugu wa mke wangu?"

"Utakuwa ndugu wa mtu usiyemjua."

Alifikiri kidogo. "Huyo hana shida," alisema. Lakini hakusogea. Basi nikalala mimi kwanza, nikakunja mkono wa gauni, akaona sindano ikiingia, akaona chupa ikijaa, akaniona nimeinuka nikanywa chai. Ndipo akalala. Alifumba macho muda wote, midomo ikisali.

Moraa alitiwa damu polepole, kwa kuwa moyo uliochoka hauwezi kupokea kwa haraka. Akapewa dawa za kuongeza damu, akakaa hospitalini wiki nyingi. Nilipopata nafasi nilikwenda kumwona. Hakuwa akizungumza sana. Siku moja nilimkuta anatembea kutoka kitandani hadi dirishani bila kushika kitu; akanionyesha viganja vyake, vilikuwa vimeanza kuwa vyekundu.

Kule Nyaramba kazi ilidorora. Wanaume walituambia wazi kwamba dawa wanaitaka, bali mimi hawanitaki. Nilimwambia Daktari Odera anitoe, apeleke mtu mwingine.

"Umefanya kosa?" aliuliza.

"Hapana."

"Basi kesho gari linaondoka saa moja."

Nilikwenda kesho yake, na kesho yake tena. Mama Nyakundi alipita mbele ya meza yetu kila siku ya soko bila kunisalimu, na kwetu mtu asiyekusalimu ni kama amekuzika. Nilimsalimu hata hivyo. "Bwakire, Mama." Hakuitika. Nikaendelea kuchanganya chumvi.

Moraa alijifungua salama hospitalini, mtoto wa kiume mwenye sauti kubwa. Yeye mwenyewe safura yake tulimtibu baadaye kwa ile dawa ya zamani, kwa kuwa ya kumi na saba hatukuthubutu kumpa akinyonyesha, na sasa alikuwa na nguvu za kuistahimili ya zamani. Aliyumba mchana mmoja, akalala, akaamka mzima. Unga wetu mweupe hakuuonja kamwe.

Mtoto alikuwa bado ananyonya wakati habari ilipofika kutoka kiwandani. Walikuwa wameendelea na majaribio yao, wakawapa panya wenye mimba dawa ya kumi na saba. Watoto wa panya walizaliwa na miguu iliyopinda. Dawa ilisimamishwa mara moja, kote ilikokuwa. Kazi ya miaka ile yote iliishia hapo. Daktari Odera alisoma, akanipa nisome, kisha akaenda kwenye rafu akaifunika ile chupa.

"Twende tukawaambie," alisema.

"Tungeweza tu kuacha kwenda," alisema dereva wetu.

"Walimeza wakituamini," Daktari alijibu. "Watasikia kutoka kwetu."

Uwanja ulijaa. Yeye alisema kwa Kiswahili, mimi nikatafsiri. Wanaume walilalamika kwamba dawa iliyowaponya inaondolewa. Nilipofika kwenye habari ya panya, niliitafsiri yote, pamoja na miguu. Wanawake wakaacha kunong'ona. Nikaona wale niliowapangia siku ya mbali wakitazamana, na mmoja akamkumbatia mtoto aliyekuwa mapajani mwake.

Ndipo Moraa akasimama. Alifungua shuka iliyomfunga mtoto mgongoni, akamshika kwapani, akamwinua juu ili uwanja mzima umwone. Mtoto alikasirika kuamshwa, akapiga mateke hewani kwa miguu yote miwili.

"Mimi ndiye niliyenyimwa," alisema. "Nilikuwa na huyu tumboni. Nilimwomba Kwamboka asiseme. Mlimtukana hapa hapa, mkamtemea mate, na hakusema."

Mama Nyakundi aliinuka alipokuwa, akapita katikati ya watu, akafika kwa mjukuu wake. Alimshika nyayo, akapapasa kila kidole, akanyoosha mguu mmoja, akaunyoosha na wa pili. Alichukua muda wake. Kisha akaja mbele ya meza yangu.

"Bwakire, mwanangu," alisema.

"Bwakire, Mama."

"Hao minyoo bado wako tumboni mwa watu?"

"Bado wako."

"Na dawa nyingine?"

Nilimtafsiria Daktari Odera. Aliniambia nijibu mwenyewe.

"Iko chupa moja imefika," nilisema. "Hatujui kama inafaa. Tutawapa mbwa kwanza, na inaweza kuchukua miaka, na inaweza isifae kabisa."

"Mnaanza lini?"

"Jumatatu."

Mama Nyakundi aliitazama ile hadubini, akaitazama foleni isiyokuwepo, akachukua mkebe mtupu kutoka mezani na kuutia ndani ya kikapu chake.

"Basi msichelewe," alisema.